Sema Kwanza, Halafu Mwaga

Ninyi mnaoshika chupa ya maabara kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, ngojeni kwanza. Wekeni simu chini. Mimi nimefundisha kemia Butembo, kisha Beni, mpaka chaki ikanikausha vidole, na watu waliniita Madame Chimie hata sokoni, hata kanisani mbele ya mchungaji. Sasa nimestaafu. Ninakaa hapa mtaa wa Ruwenzori, mjini Beni, na kazi yangu kubwa ni kuchambua maharagwe na kuwagombeza ninyi. Nawagombeza kwa sababu nawapenda. Nisingewapenda ningewaacha mmwage ovyo.

Swali la kazi yetu ni dogo. Una glasi mbili za maji mangavu, na katika kila moja kuna chumvi yake iliyoyeyuka. Ukizichanganya, itakuwaje? Pengine hakuna kitu, maji yanabaki mangavu. Pengine ghafla yanakuwa meupe kama uji, na baada ya muda unga unatua chini ya glasi. Unga huo vitabu vya Kiswahili vinauita mashapo. Sisi darasani tulisema précipité, na wanafunzi wakiwa na haraka walisema tu "kimeanguka". Kujua kitakachoanguka kabla hujamwaga, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na furaha yangu.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Paluku, kule Butembo. Maabara yake ilikuwa kabati moja lenye kufuli bovu. Dawa zilizokuwamo zilikuwa kidogo mno, na aliyezileta alikuwa amekwisha kuhama, kwa hiyo tulizitumia kwa matone kama dawa ya macho. Hapo ndipo ilipozaliwa sheria yake: hakuna mtu kugusa chupa kabla hajasema mbele ya darasa zima kitakachotokea. Ukikosea, unarudi kukaa, na tone linabaki ndani ya chupa. Sisi tulidhani ni ubahili. Siku moja nikamwuliza kwa nini asituache tumwage kwanza tuone, ndipo tueleze. Alicheka, akaifuta miwani yake kwa ncha ya koti.

"Binti yangu," akasema, "kusema nyuma, kila mutu anaweza. Hata muongo anaweza. Kusema mbele njo kazi."

Nilikuwa msichana, nikaona ni maneno ya mzee tu.

Kanuni za nani anayeyeyuka na nani anayezama hakutufundisha kwa kukariri. Alitutoa uwanjani, akatutundika vipande vya katoni shingoni: wewe sodiamu, wewe nitrati, wewe kalsiamu, wewe fedha. Tukaimba na kuzunguka, na kila alipopiga makofi ulimshika mkono uliye karibu naye. Kama nyinyi wawili mnazama, mnakaa chini. Nitrati alicheza siku nzima bila kukaa, kwa sababu hana ugomvi na mtu. Sodiamu, potasiamu na amoniamu vilevile, walicheza na kila mtu mpaka viatu vikachakaa. Kloridi alicheza vizuri mpaka aliposhika mkono wa fedha au wa risasi, hapo puu, chini. Sulfati alianguka na bariamu na risasi, na kwa kalsiamu alichuchumaa tu, maana huyo huzama nusunusu.

Mimi nilipewa karbonati. Masikini mimi! Karbonati anazama karibu na kila mtu. Nilikaa chini na kalsiamu, nikakaa na bariamu, nikakaa na fedha, nikakaa na risasi, sketi yangu ya bluu ikawa nyekundu kwa vumbi la Butembo. Walioninusuru ni wale watatu tu, sodiamu, potasiamu na amoniamu. Mama yangu alinichapa jioni ile kwa sababu ya sketi. Lakini mpaka leo mkiniamsha usingizini mkaniuliza karbonati anazama na nani, nitawajibu kabla sijafumbua macho.

Nilipokuwa mwalimu nami, nikaichukua sheria yake kama ilivyo, nikaongeza moja. Ilitoka kwa kijana mmoja aliyeitwa Kambale. Siku ile tulikuwa na nitrati ya fedha, kidogo sana, na Kambale akatabiri kwamba haitaanguka ikikutana na nitrati ya sodiamu. Alikuwa sahihi kabisa. Akamwaga, na glasi ikawa nyeupe! Darasa lilipiga kelele, Kambale akaniangalia kama mtu aliyesalitiwa na Mungu. Nikamwambia anioneshe mikono. Alikuwa ametoka kula karanga za chumvi, na kwa vidole vilevile alikuwa amesuuza glasi. Kloridi alikuwa ameingia harusini bila kadi.

Kwa hiyo andikeni na hii: utabiri ukishindwa, msilaumu kemia na msimlaumu aliye karibu. Mtafuteni mgeni asiyealikwa.

Sasa niwaambie habari ya Mama Katungu, maana ndiyo sababu nimewaita.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilimkuta amekaa juu ya kifurushi chake mbele ya lango langu. Alitoka upande wa Mbau, ambako watu walikimbia mauaji wakaacha kakao ikiiva mashambani, akapita Mavivi kwa miguu kandokando ya uwanja wa ndege, akaingia mjini na kitenge alichovaa na chungu kimoja kilichotobolewa chini. Hakuniambia aliacha nani kule, nami sikumwuliza. Nilimpa chumba cha uani.

Chungu kile kilikuwa kazi yake. Alichoma maganda ya ndizi na ya maharagwe, akajaza majivu ndani ya chungu, akamwagia maji juu, na chini yakadondoka maji ya rangi ya chai nyepesi. Mnayajua: ni chumvi ya majivu, ile tunayotia kwenye sombe, majani ya muhogo, na kwenye maharagwe ili yalainike. Siku ya kwanza aliponionjesha nilicheka mpaka akashangaa. Ndani ya maji yale kuna karbonati ya potasiamu. Yaani yule karbonati mwenye sketi chafu alikuwa amenifuata mpaka nyumbani. Baada ya muda mfupi wanawake wa mtaa wote walikuwa wakija na vichupa kuchukua chumvi yake, kwa sababu hakuna aliyeichuja safi kama yeye.

Jirani yangu alikuwa Papa Kasereka, seremala, mtu mwema mwenye sauti kubwa. Binti yake Kavira alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la mwisho, msichana wa kunong'ona, hodari kuliko alivyojijua. Papa Kasereka hakumwita Mama Katungu kwa jina hata siku moja. Alisema "ule wa Mbau". Msimhukumu haraka. Siku zile tulikuwa tumezika watu wengi, na kila uso mpya ulitutia hofu kabla haujatusalimia.

Mwaka huohuo mtaa ulijenga tangi la maji. Tulifanya salongo, kila nyumba ilitoa mtu wa kubeba mchanga na mawe, na fundi akalipiga plasta ya saruji. Kwa kuwa alijivunia kazi yake, alilipaka chokaa ndani, tabaka juu ya tabaka, ling'ae kama ukuta wa kanisa. Tangi la namna hiyo halinyweshi watu mara moja. Linajazwa, linamwagwa, linajazwa tena. Lakini chemchemi ilikuwa imepungua, watu walikuwa na kiu, na bomba likafunguliwa mapema. Maji yalitoka mangavu, mazuri kwa macho. Watoto ndio waliosema yana ladha ya ukuta, na nani anasikiliza watoto?

Siku ya kwanza ya kupika kwa maji yale, mama mmoja alitia chumvi ya Mama Katungu kwenye sufuria ya maharagwe. Maji yakageuka maziwa. Akapiga yowe. Jirani yake akajaribu, maziwa tena. Kumbe katika nyumba ya Papa Kasereka mtoto wao mdogo, aliyekunywa maji ya tangi asubuhi, alikuwa tayari analia tumbo. Kabla jua halijafika utosini, watu walikuwa wamejaa langoni kwangu.

"Madame, utoshe ule wa Mbau!" Papa Kasereka alisema, akitaka nimtoe nje. Mikono yake bado ilikuwa na vumbi la mbao. "Ametiya sumu mu munyu yake. Mayi inageuka maziwa! Mutoto yangu anakufa."

"Mutoto iko wapi?"

"Mama yake amemupeleka ku centre de santé, kwa muganga."

Nikaanza kueleza. Nilisema ni chokaa ya tangi, nikasema kalsiamu, nikasema karbonati, kwa sauti yangu ya darasani ambayo imewalaza wengi. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti: "Madame anamutetea sababu anakaa kwake!" Na wengine wakaitikia, "Njo vile!"

Nikaacha kueleza. Walikuwa na haki, wanangu. Maji yalikuwa yamekwisha kuwa meupe, nami nilikuwa nikisema nyuma. Hata mwongo anaweza kusema nyuma.

Niliingia uani. Mama Katungu alikuwa amekwisha kufunga kifurushi chake, chungu juu.

"Madame, hapana gombana na batu sababu yangu," akaniambia. "Nitaenda tu. Nimezoea."

Neno lile "nimezoea" liliniuma kuliko kelele zote za nje. Nilijua pia kwamba akitoka kwa lango lile mbele ya watu wenye hofu kiasi kile, huenda asifike mwisho wa barabara. Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Mama, unipe chupa moja ya munyu yako, na ukae hapa. Hapana toka mpaka nikuite."

Nikarudi langoni na kigoda, glasi na maji ya mvua kutoka pipa la chini ya paa. Nikaangalia watu, nikamwona Kavira amesimama nyuma ya baba yake.

"Kavira, njoo. Leo ni wewe."

Msichana yule alibadilika rangi. Aliniangalia mimi, akamwangalia baba yake, na mimi nilielewa ninamwomba nini: aseme mbele ya mtaa mzima kitu ambacho baba yake hataki kusikia, na ndugu yake mdogo yuko mgonjwa. Kama angekataa, ningemwelewa. Alipiga magoti kidogo, kama tulivyolelewa.

"Papa, unipatie ruhusa niseme."

Papa Kasereka alimgeukia. "Sema. Mais hapana danganya."

Nilijaza glasi ya kwanza maji ya mvua, nikampa chupa ya Mama Katungu. Nikamwambia maneno ambayo nimeyasema maisha yangu yote: "Sema kwanza."

"Mayi ya mvua na munyu ya huyu mama," alinong'ona.

"Kwa nguvu! Hata wale ba nyuma basikie."

"Mayi ya mvua na munyu ya huyu mama, itabaki wazi!" Akamwaga. Maji yakapata rangi kidogo ya chai, lakini uliona vidole vyake upande wa pili. Watu wakasogea.

"Ya pili," Kavira akasema, na sasa alikuwa anajibu swali langu kabla sijauliza. "Mayi ya citerne, ile tangi yetu. Mais hapana munyu ya huyu mama. Tutiye ile ya koko, ile ametengeneza yeye mwenyewe ku nyumba yetu mbele huyu mama hajafika hapa. Itageuka maziwa."

Koko wake, mama mzazi wa Papa Kasereka, alikuwapo amejifunga kitenge, na alikuwa mkali kuliko wote. "Munyu yangu? Haiwezekani!" Akaenda mwenyewe kuileta, akaikumbatia kifuani mpaka kwenye kigoda, akamwaga kwa mkono wake. Glasi ikawa nyeupe hapohapo. Bibi kizee yule akarudi nyuma hatua moja na kuiangalia chupa yake kama mtoto aliyemtukana.

Kelele zilipungua, lakini hazikuisha. Mtu mmoja akasema, "Labda sumu iliruka mu chupa." Msicheke. Hofu nayo ina maabara yake.

Kavira alienda kwenye mpapai wangu, akavunja jani, akakata bua lake. Mnajua lina tundu katikati. Akaliweka katika glasi nyingine ya maji ya tangi, akampa baba yake kwa mikono miwili.

"Papa, hapana kasirika. Apa hatutiye munyu ya mutu. Upulize tu. Itakuwa nyeupe."

"Mimi? Na pumuzi yangu?"

"Na pumuzi yako, Papa."

"Upulize, hapana nyonya!" nikaongeza, maana nimewaona wanaume wazima wakinyonya chokaa.

Alipuliza. Mapovu yakapanda, maji yakabaki mangavu. Akavuta pumzi, akapuliza tena. Mangavu. "Bure!" mtu akasema. Kavira alikuwa ameshika sketi yake kwa ngumi mbili, na mimi niliogopa, nawaambia kweli, niliogopa kuliko siku ya ukaguzi wowote. Nilijua kanuni, lakini sikujua chokaa ya tangi ina nguvu kiasi gani. Nikasema moyoni, Mungu, usimwache mtoto huyu peke yake. Papa Kasereka akapuliza mara nyingine, mashavu yamevimba, na katikati ya mapovu ukaja ukungu mwembamba. Ukazidi. Maji yakawa meupe mbele ya pua yake.

"Simama hapo!" nikapiga kelele. Kwa sababu ukizidi kupuliza, ule weupe unayeyuka tena na maji yanarudi kuwa mangavu, na sikutaka kuanza somo la pili mbele ya watu wenye hasira.

Kisha koko akasema, "Kasereka, mwana wangu, donc na wewe uko na sumu mu kifua?"

Mtu akacheka, halafu wengi. Lakini Papa Kasereka hakucheka. Alikaa juu ya jiwe la lango, glasi bado mkononi, sauti yake kubwa imekwisha.

"Madame, sasa mutoto yangu alikunywa nini?"

Nikakaa karibu naye. Nikamweleza taratibu kwamba alikunywa chokaa, ile tuliyopaka kwa mikono yetu. Chokaa ikikutana na chumvi ya majivu inazaa karbonati ya kalsiamu, ule unga mweupe, na ikikutana na pumzi ya mtu inazaa unga uleule. Mgeni asiyealikwa alikuwapo kweli, lakini alikuwa ndani ya tangi, na sisi tulimtafuta ndani ya kitenge cha mama mmoja. Mchana ule mke wake alirudi, mtoto amelala mgongoni. Muuguzi alisema apewe maji mengine, tumbo litatulia. Lilitulia. Siku hizi kijana huyo ananisumbua na mpira wake ukutani kwangu.

Kazi iliyobaki ilikuwa tangi. Tulilisugua ndani, tukalijaza, tukalimwaga, tukalijaza tena. Na tungejuaje kwamba sasa yanafaa? Hatukuwa na vifaa. Kavira ndiye aliyesema: chumvi ya majivu itatuambia. Kwa hiyo kila tangi lilipojaa, Mama Katungu aliitwa na chupa yake. Mara ya kwanza alitoka nje akitembea karibu na ukuta, hatazami mtu. Akamwaga, maziwa. Tukalimwaga tangi. Akaja tena, uji mwepesi. Tukamwaga. Akaja tena, ukungu tu, kama wa asubuhi juu ya Butembo. Kila mara watu walimpisha zaidi kidogo, na kila mara aliinua uso zaidi kidogo. Mwalimu Paluku alikuwa amekwisha kufariki, nami nilimkumbuka sana, kwa sababu hakuna siku ambayo angeipenda kama hiyo.

Asubuhi ya mwisho walikuja karibu wote. Mama Katungu alishika chupa juu ya glasi, lakini hakumwaga. Alimtazama Papa Kasereka aliyekuwa amesimama mbele, kofia mkononi.

"Sema kwanza," akamwambia.

Seremala yule aliinama juu ya glasi. Aliangalia maji, akamwangalia binti yake, lakini Kavira hakumsaidia. Mwanafunzi mzuri hampi mtu jibu.

"Itabaki wazi," akasema.

Mama Katungu akamwaga, pole pole, mpaka tone la mwisho. Tukangoja. Hakuna kilichoanguka. Papa Kasereka aliinua glasi, akaigeuzageuza kwenye jua, akamrudishia yule mama kwa mikono miwili.

"Iko wazi, Mama Katungu," akasema.